Siku Saba za Mwiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kukoroga uji, na kumsimamia baba mpaka ameze kidonge chake. Kazi mbili za kwanza angeweza kuzifanya mtoto yeyote wa Mkolani. Ya tatu ilikuwa yangu peke yangu, na nisiwafiche, nilijiona mkubwa kwa ajili yake.

Mama alitoka nyumbani alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye kiwanda cha samaki mjini. Kiwanda kilichukua minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, sisi watu wa Mwanza tukauziwa vichwa na mifupa, yaani mapanki. Mama yangu, Evelina, aliyakaanga na kuyauza sokoni mpaka jioni. Kwa hiyo kopo la dawa lilikuwa chini ya ulinzi wangu mimi Mhoja, mtoto wa darasa la sita, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo mkubwa kuliko umri wake.

"Baba, dawa," nilisema.

"Funga mlango kwanza," alijibu.

Ilikuwa hivyo kila siku, na jioni pia kwa kidonge cha pili. Baba hakumeza kidonge mpaka mlango ufungwe na pazia lishushwe. Kisha aliniuliza kama kuna mtu anapita nje. Nikisema hakuna, alikitupa mdomoni harakaharaka, akanywa maji, akaniambia niende nisichelewe kuhesabiwa namba shuleni.

Baba yangu, Mayala, alikuwa manju, kiongozi na mtunzi wa nyimbo katika kundi la ngoma. Kuanzia Mkolani hadi Misungwi watu walilijua jina lake. Siku za kazi alikuwa mtumishi wa kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, ushirika ukayumba, na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake arobaini. Hazikupita siku nyingi usingizi ukamkimbia. Akaanza kuzungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Siku moja alitoa vyombo vyote nje, hadi chungu cha maji, akisema nyumba inatusikiliza.

Mama alimpeleka hospitali, akalazwa wiki tano. Muuguzi mmoja mtu mzima, Sista Bernadeta, alitueleza bila kuzunguka kwamba baba ana ugonjwa wa akili, kwamba ugonjwa huo una dawa, na kwamba dawa zenyewe hazirukwi hata siku moja.

"Mkimwona amepata nafuu msimwachishe," alisema. "Nafuu hiyo inatokana na dawa."

Lakini baba alitukataza kabisa kuutaja ugonjwa huo. Tulitakiwa tuseme alipata malaria, ikapanda kichwani. Nani atamcheka mtu kwa malaria? Majirani walitupa pole, tukaishi hivyo.

Shuleni ndiko kulikokuwa kugumu. Fadhila, niliyeketi naye dawati moja, alimwona baba siku ile alipotoa vyombo. Tukikorofishana kidogo tu, hata kwa kifutio, alikuwa anasema, "Niondokee, mtoto wa mwehu." Mimi sina tabia ya kumwachia mtu neno, nikitukanwa moja narudisha matatu. Hilo peke yake nililiacha lipite. Nilitamani siku moja baba asimame uwanjani, aimbe, watu wote wamfuate yeye, na Fadhila awepo aone.

Mwezi wa saba, pamba ilipokwisha kuvunwa, msimu wa ngoma ulianza. Kwetu Usukumani makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao: kundi linalovuta watu wengi limeshinda, na linalokimbiwa limeshindwa mchana kweupe. Mwaka uliotangulia, baba akiwa taabani, kundi letu lilibaki likichezea vumbi na mbwa wawili. Watu wote walihamia kwa Malimi, manju wa Buhongwa.

Jumapili moja, wiki moja kabla ya shindano, alikuja baba mkubwa Mashimba. Huyu ni kaka yake baba, na ndiye mtunza dawa za kundi. Alikuja na pembe yake ya dawa na wembe mpya. Alimchanja baba kifuani chale ndogondogo, akampaka dawa ya kuvuta watu. Ngoma zetu zote kubwa zina dawa za namna hiyo, na dawa haikosi mwiko.

"Mwiko ni mmoja," alisema baba mkubwa. "Siku saba kitu cha hospitali kisiingie mwilini mwako. Iwe sindano, iwe kidonge. Kikiingia, dawa yangu imekufa."

Baba alifunga vifungo vya shati lake. "Evelina hatakubali," alisema. "Na mimi mwenyewe naogopa, kaka."

Baba mkubwa hakubishana naye. Alipotoka alinikuta uani, chini ya dirisha, nafua sare zangu, nimesikia yote.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeshika kopo la dawa?"

"Ndiyo."

Alichuchumaa karibu na karai langu. "Umeitazama mikono ya baba yako? Inatetemeka. Mdomo umekauka, ulimi mzito. Manju wa hivyo ataimba nini? Siku saba tu, mwanangu. Akishashinda utaendelea kumpa kama kawaida. Au unataka achekwe tena?"

Aliyoyasema kuhusu mikono na ulimi yalikuwa kweli, nilikuwa nayaona kila siku. Nikamfikiria Fadhila. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali.

Kesho yake asubuhi baba aliketi kwenye kiti chake akasubiri. Nilimpa uji peke yake.

"Na dawa?"

"Mama kasema Sista ametuma salamu upumzike wiki moja," nilisema. "Eti mwili upate nafasi."

Uongo ule ulitoka laini hata mimi mwenyewe nikashangaa. Baba alinitazama. Kisha uso wake ukakunjuka, akawa kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba mgongoni.

"Kasema hivyo kweli?"

"Kasema."

Kidonge cha asubuhi nilikitupa chooni, na cha jioni nikakitupa huko huko. Mama alirudi jioni akinuka mafuta ya samaki, akachungulia kopo kama ilivyokuwa desturi yake, akaona vidonge vimepungua inavyotakiwa.

"Amemeza?"

"Amemeza, mama."

Wao wawili hawakuwa na mazoea ya kulizungumza jambo lile. Baba hakutaka kulisikia, na mama hakutaka kumuumiza. Mimi nilijua hivyo, nikapita katikati yao.

Siku tatu za kwanza mambo yalikuwa mazuri ajabu. Mikono ya baba ilitulia. Sauti ikarudi. Jioni alifanya mazoezi uwanjani kwetu, na majirani wakaacha vyungu vyao jikoni wakaja kusikiliza. Yakobo, mpiga ngoma mkubwa wa kundi letu, aliniambia, "Mwaka huu Buhongwa watalia." Nilitembea kichwa juu. Nilijiona nimefanya jambo la maana kuliko Sista na hospitali yake yote.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta baba uani. Hakuwa amelala. Redio yetu ilikuwa mbele yake, ameifungua vipandevipande na kuvipanga juu ya mkeka.

"Malimi yumo humu," alisema kwa upole. "Anajifunza nyimbo zangu."

Nilikwenda shule, lakini sikusikia hata neno moja la mwalimu.

Siku ya tano mama alinishika mabega. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa wasiwasi.

"Mhoja, nitazame. Baba yako anameza dawa?"

"Anameza."

"Mbele ya macho yako?"

"Mbele ya macho yangu."

Mama akaketi kwenye kigoda. "Basi sielewi. Jumatatu nampeleka kwa Sista."

Jumatatu ilikuwa kesho yake baada ya shindano. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Mdomo wangu usiokosa neno uligoma kabisa. Nilimwogopa mama, nilimwogopa baba mkubwa, na zaidi ya yote niliona haya. Nikajidanganya kwamba zimebaki siku mbili tu.

Siku ya sita niliogopa kweli kweli. Nilichukua kidonge na kikombe cha maji nikampelekea baba. Alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Aliupiga mkono wangu, kikombe kikaanguka, kidonge kikabingirika chini ya kitanda.

"Nani kakutuma? Malimi?"

"Baba, ni mimi Mhoja."

"Jina lako nalijua. Nimekuuliza nani kakutuma."

Hajawahi kunitazama vile, si kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Maji yalikuwa yamezidi unga, na aliyeyamimina ni mimi.

Jumapili uwanja wa Mkolani ulijaa. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa malori ya pamba. Upande mmoja kundi letu, upande mwingine Malimi na watu wake wa Buhongwa. Mama hakwenda sokoni siku hiyo. Alisimama pembeni na kanga yake begani, hakumwondolea baba macho.

Baba akaanza kuimba. Jamani, aliimba. Alitaja ukoo wake, akataja pamba iliyokosa mnunuzi, akawataja wanene waliokula ushirika, na watu wakapasuka kwa kicheko na vigelegele. Wakaanza kuhama kutoka kwa Malimi, kwanza watoto, kisha akina mama, kisha wazee na viti vyao. Nilimwona Fadhila mbele kabisa na kaka zake. Kwa dakika kumi hivi sidhani kama kulikuwa na mtoto mwenye furaha kunizidi katika Mwanza yote.

Halafu baba akanyamaza katikati ya wimbo.

Ngoma ziliendelea kidogo, zikakatika moja moja. Baba alikuwa ameinua kichwa kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Nani kasema hivyo?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Alimgeukia Yakobo, aliyempigia ngoma miaka kumi na mitano. "Na wewe wamekununua," alimwambia. "Wote wamewanunua." Akatupa usinga wake chini, akajipenyeza katikati ya watu na kukimbia kuelekea Nyegezi, ziwani. Mama akamkimbilia, akajikwaa, akaanguka kwenye vumbi.

Watu walicheka kwanza. Kisha mmoja mmoja wakaanza kurudi upande wa Malimi. Fadhila hakucheka. Alinitazama tu, na hilo liliniumiza zaidi.

Baba mkubwa Mashimba akapaza sauti. "Mmeona wenyewe? Mganga gani mwingine mnamtaka awaambie? Malimi amemroga ndugu yetu mbele ya macho yetu."

Neno lile lilikuwa kama moto kwenye nyasi kavu. Vijana wa kundi letu wakainua fimbo. "Tumalizane naye leo," mmoja alisema, na wote wakavuka uwanja kwa pamoja. Akina mama wakavuta watoto wao. Malimi alisimama pale pale, mwanamume mfupi mwenye jasho usoni, mikono mitupu. Sote tulikuwa tumesikia habari za watu waliouawa kwa sababu ya neno kama lile, na walioua hawakuwa na ushahidi zaidi ya huo.

Nilipiga kelele kwamba si yeye. Nani amsikie mtoto? Nikapita chini ya mikono yao, nikatokea mbele, nikasimama kati yao na Malimi.

"Malimi hajafanya kitu," nilisema. "Ni mimi. Nimemnyima baba dawa zake siku saba."

Kijana wa mbele akashusha fimbo kidogo. "Dawa gani?"

Baba mkubwa alinitikisia kichwa, akinikataza. Nilimwona. Nikaendelea.

"Za hospitali. Baba hakuugua malaria. Baba ana ugonjwa wa akili, na dawa anameza kila siku. Nilizitupa chooni ili mwiko usivunjike. Nikamwambia mama amemeza. Nikamwambia baba kwamba Sista amesema apumzike. Wote niliwadanganya."

Nyuma ya vijana nilimwona mama, magoti yake yamejaa vumbi. Hakunipigia kelele. Alitamka jina langu tu kwa sauti ndogo, na mpaka leo nikilikumbuka lile "Mhoja" lake, naumia.

"Ni kweli, Mashimba?" Yakobo aliuliza. "Ulimwambia mtoto?"

Baba mkubwa aligeuza uso. Fimbo zikashuka.

Malimi alijifuta jasho. "Haya, mengine tutayasema baadaye," alisema. "Manju mwenzangu yuko njiani peke yake. Nani ana baiskeli?"

Tulikwenda Nyegezi wote, Mkolani na Buhongwa, waliokimbia na waliopakiana baiskeli. Mimi na mama tulibebwa na vijana wawili wa Malimi. Kwenye mwalo, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, wachuuzi walikuwa wamesimama wakinyoosha vidole. Baba alikuwa ameingia majini. Alikuwa amesimama kwenye mwamba mpana uliozama kidogo, maji yamemfika magotini, na nyuma yake, mwamba unapoishia, kuna kina. Wavuvi wawili walitaka kumfuata wamkamate. Kila walipopiga hatua moja, naye alirudi nyuma hatua moja.

"Msimkimbilie," Malimi aliwaambia. "Mkimkimbilia atajitosa."

"Baba Mhoja," mama aliita, "twende nyumbani."

"Nyumbani kuna sumu," alijibu. "Wote mmefundishwa kusema uongo."

Alirudi nyuma tena. Maji yakamfika mapajani. Mama alifunika mdomo kwa mkono.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia. Nikaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikasimama.

"Baba, ni kweli ulidanganywa," nilisema. "Mimi ndiye niliyekudanganya."

Akageuza uso.

"Sista hakutuma salamu. Mama hakusema kitu. Nilitunga mwenyewe ili ushinde ngoma. Hizo sauti unazozisikia ni ugonjwa umerudi, kwa sababu nilikunyima dawa."

Midomo yake ilikuwa inacheza, kama anabishana na mtu. "Kwa hiyo Malimi hayumo kwenye redio?"

"Hayumo. Yuko hapa ufukweni na baiskeli."

"Nipo hapa, ngosha," Malimi aliitikia taratibu, kwa neno letu Wasukuma la kumwita mwanamume. "Nimekuja kukuchukua."

Baba alimwangalia Malimi, akamwangalia mama, akarudi kwangu. Mabega yake yakashuka. "Nimechoka, Mhoja," alisema.

"Najua, baba. Njoo."

Akanyoosha mkono. Mama hakungoja, aliingia majini na kanga zake, akamshika, na wakatoka wote wawili wakishikana kama wazee. Mwenye gari la samaki alitupakia nyuma kati ya matenga, tukaenda hospitali. Baba alishika mkono wa mama njia nzima.

Alilazwa wiki tatu. Mama hakunipiga. Kwa siku mbili hakunisemesha neno lisilo la lazima, na ningefurahi kama angenipiga. Siku ya tatu alinisuka nywele. Alipomaliza aliniambia, "Siku nyingine ukiogopa, uniambie kwamba unaogopa." Nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Wiki ya pili Sista Bernadeta alituita sote. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi: baba, mama, mimi, na baba mkubwa Mashimba aliyekuja amevaa koti lake la kanisani.

"Mzee Mashimba," Sista alianza, "uliona mikono ya ndugu yako inatetemeka na mdomo unakauka. Uliona vizuri. Mbona hukuja kuniambia? Kuna dawa ya kupunguza mtetemeko huo. Mdomo ukikauka, anywe maji kila mara, na daktari atapima upya kiasi anachomeza. Tungeyamaliza hapa hapa."

"Niliona ninamsaidia," baba mkubwa alisema, macho chini.

"Najua. Na mtoto naye aliona anamsaidia. Kila mtu alikuwa anamsaidia, na nusura mumpoteze. Kama angekufa maji, au Malimi angepigwa, msaada wenu ungekuwa na faida gani?"

Baba ndiye aliyesema kwanza. "Sitaimba tena, Sista. Wote wameniona. Mimi si manju tena, mimi ni mwehu tu."

Sista alimgeukia. "Mjomba wangu ni seremala, ana pumu. Siku akibanwa hawezi kushika hata randa. Unafikiri watu wanamwita Pumu? Wanamwita fundi, na wanasubiri apone awatengenezee milango. Wewe ni manju mwenye ugonjwa. Ugonjwa hauwezi kuchukua jina lako, labda uupe mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kuomba msamaha tangu nyumbani, lakini nilipofungua mdomo yalitoka mawili tu. "Nisamehe, baba."

Alinivuta karibu. "Uongo wako ulikuwa wa siku saba," alisema. "Wangu ulikuwa wa mwaka mzima. Nilisema malaria, nikafunga mlango, nikakufundisha nawe kuufunga. Tusameheane."

Katikati ya mwezi wa nane baba aliruhusiwa. Jumamosi iliyofuata kundi lote lilikuja kwetu kuzungumza juu ya uongozi, na nilijua maana yake. Baadhi ya vijana walitaka manju mwingine. Waliketi kwenye mikeka uwanjani, wakazungumza habari za mvua, za bei ya pamba, za mpira, bila kumtazama baba usoni. Baba mkubwa aliketi mwisho kabisa. Mara hii hakuja na pembe.

Saa ya dawa ya jioni ikafika. Nilisimama mlangoni na kidonge mkononi, sijui nimwite ndani au nifanyeje. Mama naye alikuwa jikoni amesimamisha mwiko hewani, anatazama.

"Lete hapa, Mhoja," baba alisema.

Nilipita katikati ya watu wote. Kikombe cha maji kilikuwa mkono wa pili. Baba alichukua kidonge, akakiweka kiganjani ili kila mtu akione, akameza, akanywa maji yote.

"Mmeona," alisema. "Nameza asubuhi na jioni, na nitaendelea kumeza. Mimi ni Mayala, ni manju, na nina ugonjwa wa akili. Nisipomeza hivi, mnajua yanayotokea. Nikimeza, naimba. Mkitaka manju mwingine chagueni, sitakasirika. Ila sitajificha tena ndani ya nyumba yangu."

Kijana mmoja alikohoa. Mwingine akachora mchanga kwa kidole. Nikawaza sasa watasimama mmoja mmoja na kuondoka, kama walivyoondoka watazamaji siku ile.

Yakobo ndiye aliyesema. "Manju," aliita, na sauti yake nene ilikuwa chini kuliko kawaida. "Hiyo kliniki unakochukua dawa ni siku gani?"

"Jumatano. Kwa nini?"

Yakobo aliitazama mikono yake. "Mke wangu. Tangu tulipomzika mtoto, hasemi. Hapiki, haogi, anatazama ukuta. Miezi minane sasa. Majirani nimewaambia amekwenda kwa mama yake Misungwi. Yumo ndani."

Baba alisogea kwenye mkeka wake, akaketi naye bega kwa bega. "Mlete hapa Jumatano saa moja," alisema. "Mimi nina miadi siku hiyo. Tutakwenda wote."

Suala la manju mwingine halikutajwa tena jioni ile, na halijatajwa tangu hapo.

Wageni walipoondoka nilimsaidia mama kukunja mikeka. Alipomaliza mkeka wa mwisho alisimama na kunitazama.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," aliniambia. "Kichwa kinaugua kama tumbo linavyougua, Mhoja, na anayeugua hana kosa. Kosa ni kumfungia ndani na kudanganya watu, tukaita heshima. Uliposema kweli uwanjani ulimwokoa Malimi. Leo baba yako amesema kweli juu yake mwenyewe. Mwogope mtu anayekwambia ukweli uufiche ili watu wasikucheke."

Jumatano Yakobo alifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, uji haujachemka. Nyuma yake alikuwa mkewe, amejifunika kanga hadi usoni, anatembea polepole. Baba alitoka nje kuwapokea, akauacha mlango wazi nyuma yake, wapate uji kabla ya kwenda kliniki.